Treni za Lionel, Commodore 64 au kadi za beseboli: nichukue kipi kati ya vitatu?

Mkwe_wa_Ohio
Wanajukwaa, salamu. Baba mkwe wangu, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1947, anahamia nyumba ndogo hapa Ohio, na ameniruhusu nichague kimoja tu kati ya vitu vitatu alivyovitunza kwa miaka mingi, vitakavyobaki vitauzwa. Kuna treni za kuchezea za Lionel za miaka ya 1950, kuna kompyuta ya Commodore 64 pamoja na mashine yake ya diski, na kuna masanduku manne ya kadi za wachezaji wa beseboli. Nina mtoto wa kiume wa miaka tisa, na nafasi niliyo nayo ni chumba cha chini ya ardhi ambacho huwa na unyevu msimu wa mvua. Sitafuti cha kuuza, natafuta kitakachotumika.

FundiReli
Ndugu mleta mada, chukua treni. Lionel, kampuni iliyoanzishwa New York mwaka 1900, ilijijengea jina kwa reli tatu: ya kati hupeleka umeme, na mbili za pembeni huurudisha. Mshindani wake, American Flyer, alihamia reli mbili mwaka 1946, na wapenzi wake hawakuacha kuicheka reli ya katikati kwa kuwa haifanani na njia ya treni ya kweli. Hata hivyo ni reli hiyo hiyo inayomwezesha mtoto kuikunja njia ikajirudia yenyewe bila kupiga shoti, jambo ambalo kwenye reli mbili hudai swichi na nyaya za ziada.

Mota yake ni ya kufunguliwa kwa bisibisi: unasafisha, unabadilisha brashi za kaboni (vipande vidogo vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka), unatia tone la mafuta, na kichwa cha treni kilicholala miaka thelathini kinaondoka. Kama kwenye seti hiyo kuna behewa la maziwa, lililoanza kuuzwa mwaka 1947, utaona mwenyewe: ukibonyeza kitufe, kijitu cheupe hutokea mlangoni na kusukuma makopo ya maziwa nje, moja baada ya jingine. Jihadhari na waya wa transfoma tu, kwa sababu mpira wake hukauka na kupasuka; ubadilishe kabla ya kuuchomeka ukutani.

Baiti64
Namheshimu FundiReli, lakini treni huzunguka, kisha huzunguka tena. Commodore 64 ilipoingia sokoni mwaka 1982 kwa dola 595, ilikuwa na kilobaiti 64 za kumbukumbu na chipu ya sauti iliyobuniwa na Bob Yannes, yenye sauti tatu ambazo wanamuziki wanazitafuta hadi leo. Ubora wake kwa mtoto ni kwamba ukiiwasha inakuwa tayari papo hapo, haina matangazo wala nywila, na haifanyi lolote mpaka uiandikie amri kwa BASIC, lugha nyepesi ya kuandikia programu. Mashine ya diski ni ya polepole kiasi cha mtu kuweza kwenda kuchemsha chai na kurudi, nakiri. Nawe usiiwashe kwa adapta yake ya asili: ikizeeka, umeme wa volti 5 hupanda na kuziunguza chipu za kumbukumbu. Nunua adapta mpya kwanza.

Mzee_wa_Kadi
Kadi hazihitaji adapta wala transfoma. Kila mtu atakutajia kadi ya mchezaji Mickey Mantle iliyotolewa na kampuni ya Topps mwaka 1952, ambayo nakala yake moja iliuzwa dola milioni 12.6 mwaka 2022, na hivyo kukupa tamaa isiyo na msingi. Kadi za mwishoni mwa miaka ya 1980 zilichapishwa kwa wingi mno hata masanduku mazima hayana bei. Thamani halisi iko nyuma ya kadi, kwenye takwimu za mchezaji: mtoto anaweza kumfuata Hank Aaron mwaka kwa mwaka hadi Aprili 1974, alipoivuka rekodi ya Babe Ruth ya "home run" 714, yaani mapigo yanayoupeleka mpira nje ya uwanja. (Topps ndiyo kampuni iliyotengeneza Bazooka, jina ambalo baadhi yetu utotoni tuliliita kila bablishi.) Lakini kwa chumba chenye unyevu, kwa uaminifu kabisa, kadi zitajikunja na kuota ukungu.

Mama_Tumaini
Na reli za bati zitaota kutu, kwa hiyo zisilazwe sakafuni; zijengewe meza. Ninaloliuliza mimi ni kwamba baba mkwe mwenyewe yuko hai. Je, ni kipi kati ya vitatu ambacho bado anakijua kwa mikono yake?

Mkwe_wa_Ohio
Swali la Mama Tumaini nililipeleka kwake Jumapili. Kompyuta alisema ilikuwa ya mwanawe, na hakuwahi kuigusa. Kadi alizipanga mezani, akataja majina, kisha akanyamaza. Treni aliipindua, akachomoa brashi bila kutazama, akamwita mjukuu amshikie bisibisi. Tumezileta nyumbani jana, na mbao za meza nimeshakata. FundiReli, kijitu cha maziwa kinatoka mlangoni lakini kopo linakwama nusu ya njia. Nianze kukagua wapi?