Bandama ya mama imevimba, chembe sahani 42,000: naomba ushauri

Ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Mama yangu, miaka 61, ana saratani ya kongosho. Dripu yake ya nne ya dawa imeahirishwa mara mbili: chembe sahani za damu (zile zinazosaidia damu kuganda) ni 42,000 kwa mikrolita, wakati kawaida huanzia 150,000. Uvimbe umebana mshipa unaotoa damu kwenye bandama, nayo imevimba na inazishikilia chembe hizo. Aliongezewa, siku mbili zikashuka tena. Fizi zinavuja damu, na mimi usingizi sina.

Daktari ametaja kuziba sehemu ya mishipa inayopeleka damu kwenye bandama, au kuitoa kabisa, akitanguliza chanjo ya nimonia. Mliouguza mgonjwa wa hivi, mlichagua ipi? Homa na maumivu baada ya kuziba vilidumu siku ngapi? Dawa za saratani alirudia lini?