Kamusi zinazosema "nafasi" ni opportunity, halafu zinanyamaza

Wakuu, huu ni uzembe. Mtu anafungua kamusi kutafuta "nafasi", anakuta opportunity, chance, space, room, position, zimepangwa kwa mkato kama watu wa foleni, na hakuna mfano hata mmoja. Anachukua la mbele, anaandika "There is no opportunity in the car", kisha mwalimu anamwambia sarufi yake mbovu. Sarufi imekosa nini hapo? Nomino ndiyo imekaa pasipo pake!

Nafasi ndani ya gari ni room, na haihesabiki: "There is no room in the car". Ukiongeza a, umejenga chumba ndani ya gari. Ya kuegesha ni space, hiyo inahesabika. Ya kushinda ni chance of winning. Opportunity humtaka mtu atende jambo: an opportunity to study. Tangazo la ajira lina vacancy. Mkimbiaji ameshika second place. Na "leo sina nafasi" ni "I don't have time today", basi.

Safari nayo hivyohivyo. Ya kwenda na kurudi ni trip, mwendo wenyewe ni journey, na travel haihesabiki, kwa hiyo "my travel was long" inakwaruza sikio. Halafu ukiandika "I am on safari", Mwingereza anadhani uko porini unatazama simba. Neno walilichukua kwetu, wakalipunguza.

Walimu wa "kariri maneno 20 kwa siku" ndio wanaoniudhi zaidi. Maneno 20 yasiyo na jirani ni mzigo tu. Andika matano, lakini kila nomino iwe na mambo matatu: inahesabika au la, kitenzi chake, kihusishi chake. Advice: haihesabiki, give, on. Hapo "give me an advice" haikutoki tena. Ukitaka kuhesabu, a piece of advice. Mistake: inahesabika, make, si do. Kazi ya mshahara ni job, inahesabika. Work haihesabiki, hivyo "I have many works" ni "I have a lot of work".

Ukiwa na shaka, British National Corpus, hazina ya Kiingereza halisi kilichoandikwa na kuzungumzwa, ina maneno milioni 100 na inatafutika mtandaoni. Andika virai vyote viwili kwa ukamilifu, "do a mistake" na "make a mistake", ulinganishe idadi. Usitafute neno tupu: works itakuletea maelfu, lakini baadhi ni kitenzi, nyingine ni kazi za sanaa na za ujenzi. Soma angalau mistari kumi kabla ya kuamini namba.

Na wewe unayekuja hapa kutetea "informations", leta sentensi yako kwanza.