Nitajuaje kama mitutu ya bunduki hii ya marisau ilikatwa au kutengenezwa baadaye?

Mleta mada
Salaam, wanajukwaa. Ninaorodhesha vitu vya kale kwa ajili ya mnada hapa Uingereza, na mezani nina bunduki ya marisau ya mitutu miwili iliyoundwa Birmingham. Mitutu ni ya chuma cha Damasko (chenye michoro ya mawimbi, kwa kuwa kiliundwa kwa vipande vya chuma vilivyosokotwa pamoja), ina urefu wa inchi 27, na chini yake pamegongwa NOT FOR BALL (yaani isipigwe kwa risasi moja nzima), 13 B na 15 M. Mwenye mali anaamini kwamba haijaguswa na fundi tangu ilipoundwa, lakini naona kati ya midomo miwili pana uwazi uliozibwa kwa bati la kulehemea. Sipendi kumwandikia mnunuzi jambo ambalo chuma chenyewe kinalikanusha. Nianzie wapi?

Fundi Karakana
Ndugu yangu, anzia hapo hapo mdomoni. Mitutu ya namna hii hukaribiana kadiri inavyokwenda mbele, na kwa kawaida mafundi wa Uingereza waliifanya igusane au ikaribie kugusana mwishoni. Ukiikata inchi chache unafika mahali ambapo bado imeachana, na uwazi huo ndio unaozibwa kwa bati. Mihuri yako, inayoonyesha kwamba mitutu ilijaribiwa nguvu, ni ya kati ya 1875 na 1887, na iligongwa kwenye mitutu iliyobanwa mdomoni ili marisau yasitawanyike upesi. B ni kipimo cha ndani ya mtutu, M ni cha mdomo.

Mpenda Vipimo
Naafiki kuhusu uwazi, ila mbano uliotoweka hauthibitishi peke yake kwamba mitutu ilikatwa, maana wamiliki wengine waliwapa mafundi wauondoe kwa kukereza ndani tu. Pima kotekote. Namba hizo ni za ukubwa wa tundu, na namba ikipanda tundu hupungua: mtutu wa 13 huwa kati ya milimita 18.0 na 18.5, na mdomo wa 15 kati ya 17.2 na 17.6. Ukikuta 18.8 katikati, ndani palikerezwa baadaye, pengine kuondoa vishimo vya kutu, na unene wa chuma lazima upimwe. Kisha elekeza mtutu dirishani, uuzungushe polepole: kivuli chembamba kinachonyooka ndani kikipinda ghafla, hapo pana bonde au uvimbe.

Fundi Karakana
Tazama pia sentimita saba au nane kutoka nyuma. Mitutu mibovu hukatwa hapo na kuunganishwa na mipya, na michoro ya Damasko hukoma kwenye mstari mwembamba wa duara, ambao mara nyingine hufichwa kwa nakshi. Kazi hiyo lazima ijaribiwe upya, na hugongwa SLEEVED, yaani imeunganishwa na mitutu mipya.

Mleta mada
Nimepima: 18.2 katikati, 18.2 mdomoni, katika mitutu yote miwili. Michoro inaendelea bila kukatika, muhuri wa SLEEVED haupo, na kivuli kimenyooka. Nitaandika: «Mitutu ya asili, iliyofupishwa baadaye, mbano wa mdomo haupo tena.» Mwenye mali nimekwisha kumwonyesha bati lile kwa lenzi, naye amekubali.