Seji au kivumbasi: ndoo ya tatu nipande nini?

Kijana wa Temeke
Wakuu, heshima kwenu. Nina kibaraza kinachopigwa jua tangu saa nne asubuhi mpaka jioni, hapa Dar. Ndoo mbili za lita 20 zina mchaichai na nyanya, ya tatu iko tupu. Nataka mmea wa kutusaidia koo likiwasha na mafua yakibisha hodi. Nyumbani tupo mimi, mke wangu anayenyonyesha, na watoto wawili. Jirani kaniletea vitawi vya seji (sage) kutoka Arusha, anaisifia kuliko kivumbasi. Waliopanda vyote wanasemaje?

Msambaa Halisi
Seji (Salvia officinalis) naijua, ninayo huku Lushoto. Tupo mita kama 1,400 juu ya bahari, usiku kuna baridi, inastawi bila kubembelezwa. Kwao ni milima mikavu yenye mawe ya nchi za Mediterania, ndiyo maana inapenda jua kali na udongo usiotuamisha maji. Dar jua lipo. Adui yako ni masika na ule unyevunyevu wake. Mizizi itaoza kabla hujakunywa kikombe.

Ukiwa mbishi, changanya udongo na mchanga nusu kwa nusu, toboa ndoo mashimo ya kutosha, na usimwagilie mpaka udongo wa juu ukauke kabisa. Hivyo vitawi kata urefu wa sentimita 10 hivi, visiwe na maua, ondoa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu kivulini. Baada ya wiki nne hadi sita vitashika. Mbegu achana nazo, zinachelewa. Miaka mitatu minne mbele shina linakuwa kuni tupu, unaanza upya na vipandikizi vingine.

Mmatumbi Ughaibuni
Nipo Hamburg. Huku seji wanaiita Salbei, na duka lolote la dawa lina chai yake na pipi zake. Koo likiuma wanaloweka majani makavu kwenye maji yaliyochemka, wanafunika dakika kama kumi, yakiwa vuguvugu wanasukutua na kutema.

Ila mkuu, umesema shemeji ananyonyesha, na hapo wote mmepita kimya! Wakunga wa huku humpa chai hiyohiyo mama anayetaka kuachisha, ili maziwa yapungue. Asiinywe. Mjamzito naye asiinywe, wala mwenye kifafa, kwa sababu majani yana kemikali iitwayo thujoni, na ikizidi huleta degedege. Shirika la Dawa la Ulaya halipendekezi dawa za seji kwa walio chini ya miaka 18. Kwa hiyo katika nyumba yako mnywaji ni wewe peke yako.

Bi Mkubwa Pangani
Mwanangu, ndoo moja unampa mgeni wa kudekezwa na kivumbasi kinaota chenyewe njiani? Kivumbasi hakiulizi masika. Jioni ukining'iniza matawi dirishani au ukiyachoma kwenye jiko la mkaa, mbu wanapungua. Mafua yakibana, chemsha majani ujifukize. Watoto usiwafunike shuka juu ya sufuria ya moto, wanaungua. Wao inatosha kuwekewa majani yaliyopondwa karibu na kitanda.

Mluhya wa Shinyalu
Bi Mkubwa amesema kweli. Huku Kakamega, kikundi cha wakulima cha Muliru hulima kivumbasi aina ya Ocimum kilimandscharicum pembeni mwa msitu, wanakamua mafuta na kutengeneza dawa ya kuchua ya mafua na maumivu. Mwaka 2010 walipata Tuzo ya Ikweta ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Aina hiyo ina kafuri nyingi, kwa hiyo ni ya kunusa na kupaka. Kunywa, hapana.

Mwarabu wa Muscat
Salaam aleikum. Maduka ya hapa yanauza maramiya, ndugu yake seji, wanayoipenda Wapalestina na Wajordani. Majani mawili matatu ndani ya chai ya rangi yenye sukari. Utamu wake ni wa tumboni baada ya mlo mzito. Ukizidisha inakuwa chungu kama shubiri.

Daktari Msomaji
Wanaosema seji imethibitishwa kwa koo: utafiti wa Uswisi wa 2009 ulitumia dawa ya kupuliza yenye seji pamoja na ekinasia, mmea mwingine wa dawa, kwa wagonjwa 154, ukailinganisha na dawa ya kawaida ya koo. Zilikaribiana. Huo ni mchanganyiko wa kiwandani, chai ya ndoo ya Temeke haikupimwa. Mtoto akiwa na homa, koo limevimba na hamezi, mpeleke kituo cha afya, hapo hakuna cha seji wala kivumbasi.

Kijana wa Temeke
Nimewaelewa. Ndoo inakwenda kwa kivumbasi. Vitawi vya seji nitavichomeka kwenye kopo, vikishika namrudishia jirani, mimi nitamwomba majani ya kusukutua. Msambaa, hilo kopo niliweke ndani au nje?

Msambaa Halisi
Nje, chini ya kivuli, mvua isilifikie. Vikitoa jani jipya usivivute kukagua mizizi.