Mvuke kwenye mifuko ya dagaa: tupime kwa kikombe, kadi au plastiki yenyewe?

Muuza Dagaa, Kibirizi
Wadau, masika yameanza huku Kigoma. Dagaa waliokauka hadi wanavunjika mkononi wanalegea ndani ya mfuko uliozibwa kwa moto, na tundu silioni. Muuzaji wangu ana aina mbili za mifuko, zote anaziita nailoni. Nataka kuzipima kabla sijalipa. Kati ya hizo njia tatu, nianze na ipi?

Fundi Mizani, Ujiji
Kikombe, dada. Jaza silika kavu (zile chembe zinazonyonya unyevu) kwenye kikombe chenye mdomo wa sentimita 8, ziba juu kwa plastiki hiyo. Kiweke kwenye ndoo yenye mfuniko, pamoja na bakuli la chumvi ya mezani iliyoloweshwa ikawa kama uji mzito. Chumvi hiyo hushikilia unyevu wa hewa karibu asilimia 75, mvua inyeshe isinyeshe. Mdomo huo una eneo la sentimita za mraba 50. Kikombe kikiongezeka gramu 0.14 kwa siku 7, plastiki inapitisha gramu 4 za mvuke kwa mita ya mraba kwa siku. Mizani ya sonara inayosoma 0.01 inatosha, mradi uwe na subira. Siku ya kwanza usiihesabu.

Mfuga Nyuki, Tabora
Angalia ukingo! Mimi nilifunga kwa mpira, namba zikapanda ovyo. Mvuke ulikuwa unapita pembeni. Sasa nazungushia nta ya nyuki iliyoyeyushwa. Weka na kikombe kingine kilichozibwa kwa foili nene: hicho kikiongezeka uzito, nta yako inavuja.

Mwalimu wa Kemia
Kadi ya rangi, ile inayobadilika rangi ikipata unyevu, itakwambia unyevu umeingia, kiasi gani haitasema. Kupima plastiki yenyewe ni swali jingine kabisa: hapo unajua imekunywa maji kiasi gani, siyo imepitisha kiasi gani. Mfuko wa sokoni tunaouita nailoni kwa kawaida ni polietilini, ambayo hainywi karibu chochote lakini inapitisha. Nailoni halisi hunywa, na ikishalowa hupitisha zaidi. Kausha gramu 10 za vipande, viache wiki moja kwenye ndoo ile ya chumvi bila kuigusa chumvi, pima tena. Vikiongezeka gramu 0.3 au zaidi, hiyo si polietilini.

Muuza Dagaa, Kibirizi
Asanteni sana. Mwalimu, mfuko mmoja ni mzito zaidi, unene unasaidia?

Mwalimu wa Kemia
Sana. Kwa plastiki ileile, unene ukiwa mara mbili, mvuke unaopita unapungua karibu nusu.

Muuza Dagaa, Kibirizi
Basi naweka vikombe viwili kwa kila aina, na kimoja cha foili. Kaka wa Tabora, nta robo kilo unaweza kunitumia kwa treni?