Usaili wa kazi ya kusaidia wateja, kampuni ya programu za kihandisi. Aliyewahi kufanya aniambie

Mwanagenzi_Iringa
Habari wakuu. Nimemaliza uhandisi ujenzi, nimeitwa usaili na kampuni ya nje inayotengeneza programu za kusanifu barabara na mabomba ya maji. Kazi ni kujibu wateja, nitafanyia hapahapa Dar kwa saa za Marekani upande wa mashariki. Kuna aliyepita huko? Inalipa?

Mama_Mchoro
Hongera mdogo wangu. Nilikaa miaka minne kwenye moja ya aina hiyo, jina naliacha.

Anza na saa. Wao wakiingia saa tatu asubuhi, wewe ni saa kumi jioni, unatoka saa sita usiku. Novemba wakirudisha saa nyuma, unatoka saa saba. Hakuna anayekukumbusha. Mwaka wa kwanza nilikaa kwenye mkutano peke yangu saa nzima nikidhani wamenisusa.

Kazi yenyewe tamu, sikufichi. Mteja analeta faili anasema programu yenu mbovu, na mara nyingi si mbovu. Kuna tiketi, yaani lalamiko la mteja lililosajiliwa, ya mkandarasi wa huku kwetu: barabara aliyochora imekaa karibu mita 300 nje ya picha ya satelaiti. Ilishapita kwa wenzangu wawili wa ng'ambo, wakaandika ni hitilafu. Nilipoiona nikacheka. Ramani zetu za zamani zimepimwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kuonyesha mahali kwenye ramani, satelaiti inatumia mfumo mwingine, WGS 84, na ukichanganya hizo mbili kitu kinahama hivyohivyo, zaidi upande wa kaskazini na kusini. Dakika kumi nikaifunga. Hayo ndiyo mambo ambayo wewe utayajua na wao hawayajui, yaseme kwenye usaili.

Pesa ilikuwa dola, nyingi kuliko nilichopata saiti. Ila sikuwa mwajiriwa wao. Mkataba ulikuwa wa kampuni ya katikati, wa mwaka mmojammoja. Wenzangu wa makao makuu walikuwa na bima, likizo ya uzazi, wengine hisa. Mimi nilipojifungua nilikaa wiki sita bila senti.

Kisha tukanunuliwa na wakubwa zaidi. Nilijua saa tatu usiku, kompyuta ilipojifunga nikiwa katikati ya kumjibu mtu wa Mwanza. Mpaka leo sijui kama alijibiwa.

Saiti_Boy
Mkuu, nunua inverta kabla ya kiti. Umeme ukikatika unaongea na mteja wa Texas, hiyo habari ya mgao haimhusu.

Mwanagenzi_Iringa
Asante dada. Nimeifungua tena barua pepe ya usaili, kumbe imetoka kwa kampuni yenye jina jingine kabisa, siyo hiyo ya programu.

Mama_Mchoro
Eeh, ndio haohao wa katikati. Waulize bima analipa nani kabla hujataja mshahara unaoutaka.