Je, niache Hisabati ya Juu na kuhama PCM kwenda PCB?

Mwanafunzi_wa_Tano aliuliza:

Shikamooni wakubwa na walimu wote. Ninasoma kidato cha tano, tahasusi ya PCM (yaani Fizikia, Kemia na Hisabati ya Juu), katika shule ya bweni ya serikali, na kwa kuwa shuleni haturuhusiwi kuwa na simu ninaandika sasa nikiwa nyumbani kwa likizo ya Desemba, kwa simu ya kaka yangu. Matokeo ya muhula wa kwanza yametoka: Kemia nimepata 61, Fizikia 52, na Hisabati ya Juu 28. Kidato cha nne nilipata C katika Hisabati, B katika Kemia, na C katika Fizikia na Baiolojia, hivyo sikutegemea kwamba somo hili lingenilemea kiasi hiki.

Mwalimu wa taaluma ametuambia kwamba anayetaka kubadili tahasusi apeleke maombi mara shule itakapofunguliwa Januari, kabla madarasa hayajasonga mbele zaidi. Shule yetu ina PCB (yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia), kwa hiyo sitahitaji kuhama shule. Baba anataka niwe mhandisi wa ujenzi na hataki kusikia habari ya kuacha hesabu. Mama anasema nisije nikapata daraja la sifuri, yaani kufeli kabisa, kwa kung'ang'ania PCM. Mimi mwenyewe uhandisi ninaupenda, ingawa hata ufamasia nisingeukataa. Wenzangu wawili wa bweni moja wamekwisha kuamua kuhama, nao wananiambia kwamba PCB ni kukariri tu. Je, ni busara nihame nao, au nivumilie?

Mwalimu_wa_Hesabu alijibu:

Marahaba, kijana. Hofu ya mama yako tuiondoe kwanza, kwa sababu inawasukuma wanafunzi wengi kuhama bila kupiga hesabu yenyewe. Kwa alama ulizotaja, Kemia ni C yenye pointi 3, Fizikia ni D yenye pointi 4, na Hisabati ni F yenye pointi 7. Hapa pointi chache ndizo bora. Jumla ni 14, na daraja la tatu huanzia pointi 13 hadi 17. Sifuri huanzia pointi 20, kwa hiyo ili uipate lazima masomo mengine mawili nayo yaporomoke. Hata vyuo vikuu, ambavyo hupima kwa mizani nyingine ya A kuwa 5 hadi E kuwa 1, kwa kawaida huanza na ufaulu kamili (yaani A hadi E) wa masomo mawili yenye jumla isiyopungua 4, nawe kwa C na D ungekuwa na 5. Kwa hiyo cheti hutakikosa kwa sababu ya Hisabati; unachoweza kukosa ni kozi unayoitaka, kwa kuwa uhandisi huangalia Fizikia na Hisabati ya Juu kabla ya kuangalia kitu kingine chochote.

Jambo la pili ni hiyo C yako ya kidato cha nne. Katika mtihani ule C huanzia 45 hadi 64, wakati kidato cha sita C huanzia 60, na mwenye 45 anapewa E. Mwanafunzi aliyepata 47 na aliyepata 63 wote huingia PCM na cheti chenye herufi ileile, lakini mmoja wao ana mashimo makubwa katika aljebra ambayo hakuna mwalimu wa kidato cha tano atakayerudi nyuma kuyafukia. Je, wewe ulikuwa karibu na mwisho upi?

Ningependa pia uichukue karatasi yako ya mtihani, uiweke mezani, na uandike alama ulizopoteza ziko kwenye mada zipi. Alama 28 zilizosambaa kila mahali na alama 28 zilizotoka kwenye mada mbili tu ni hali mbili tofauti kabisa. Kwa muundo uliozoeleka miaka ya karibuni, karatasi ya kwanza ya taifa ina maswali kumi ya lazima, kila moja likiwa na alama 10 na likitoka kwenye mada yake. Karatasi ya pili ina maswali manne ya lazima ya alama 15, kisha unachagua mawili kati ya manne ya alama 20. Maana yake ni kwamba anayezimudu vizuri seti, takwimu, mantiki na matumizi ya kikokotoo ana pa kuanzia, na kutoka 28 hadi 40, ambako E huanzia, si safari isiyowezekana kwa mwanafunzi ambaye bado ana zaidi ya mwaka mzima mbele yake. Usiridhike na S, alama iliyo kati ya E na F, maana kwa vyuo S haihesabiwi kuwa ufaulu kamili.

Dada_wa_Maabara alijibu:

Mdogo wangu, mimi nilihama kutoka PCM kwenda PCB nikiwa kidato cha tano, na leo ninafanya kazi katika maabara ya hospitali. Sijutii, kwa hiyo usidhani ninakuzuia. Ila hao wenzako wanaosema PCB ni kukariri tu, waulize wamezungumza na nani.

Fizikia haikuachi. Mtihani wa Fizikia wa mwanafunzi wa PCB ni uleule wa mwanafunzi wa PCM, wenye mwendo wa mzunguko, mawimbi na umeme, na ndani yake kuna kalkulasi ambayo wenzetu wa PCM walikuwa wanaifundishwa kwa kina darasani kwao wakati sisi tulikuwa tunaiokota njiani. Niliona wazi kwamba Fizikia yangu ilikuwa nzito zaidi baada ya kuhama kuliko kabla. Na hesabu pia hazikuachi, kwa sababu anayesoma PCB anasoma BAM, yaani Hisabati Tumizi ya Msingi, ambayo ina aljebra, trigonometria, difarensiesheni na intigresheni, japo kwa kina kidogo na bila kuingia kwenye zile pointi za masomo matatu. Anayehama ili asione tena alama ya intigresheni ataikuta imemtangulia.

Kuhusu Baiolojia yenyewe, ukiingia Januari utawakuta wenzako wamemaliza saitolojia, yaani elimu ya seli, na uainishaji wa viumbe, na hakuna atakayekurudishia vipindi hivyo. Nilinakili madaftari ya mwenzangu usiku baada ya usiku, na bado sehemu ya mazoezi, yaani kupasua panya na mende na kutambua vielelezo, haikuweza kunakiliwa. Ni somo la maelezo marefu, ambalo mtihani wake unataka hoja zilizopangwa na michoro iliyo sahihi. C yako ya kidato cha nne katika Baiolojia inahitaji kuulizwa swali lilelile ambalo Mwalimu ameliuliza kuhusu C ya Hisabati.

Kilichonihamisha mimi ni kwamba nilikuwa ninaitaka kazi ya afya tangu mwanzo na PCM nilipangiwa tu. Famasia huangalia Kemia, Baiolojia na Fizikia, kwa hiyo ikiwa ndiyo unayoitaka kwa moyo, hama na uhame mapema. Ikiwa ni kitu ambacho "usingekikataa", kama ulivyoandika, basi sioni sababu ya kulipa gharama hiyo.

Mhandisi_Barabara alijibu:

Ninakubaliana na Mwalimu katika mengi, isipokuwa huo mkakati wa kukusanya alama kwenye mada nyepesi. Unafaa kwa kupata cheti. Kwa mtu anayetaka uhandisi wa ujenzi haufai, kwa sababu mwaka wa kwanza chuoni hutaulizwa habari za seti. Utaulizwa kalkulasi, vekta na milinganyo ya difarensieli, na hesabu za nguvu zinazoshikilia boriti zimejengwa juu ya mambo hayohayo. Nimesoma na watu walioingia kwa E ya kubahatisha, na tulikuwa tunawaona kwenye orodha ya kurudia mitihani. Wapo pia walioingia kwa E ya jasho, waliokuwa wanaelewa lakini hawana kasi, na hao walimaliza pamoja nasi. Kijana ajichunguze ni E ipi anayoitafuta.

Halafu kuna njia ya tatu ambayo sijaona mtu akiitaja, labda kwa sababu wazazi wetu wengi huiona kama kushuka ngazi. Kwa cheti cha kidato cha nne chenye ufaulu wa Hisabati, Fizikia na Kemia, unaweza kuomba stashahada ya uhandisi katika vyuo vya ufundi vinavyosimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, kama vile Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam au Chuo cha Ufundi Arusha. Ni miaka mitatu, hesabu zake zinafundishwa pamoja na kazi za mikono, na anayemaliza kwa wastani wa 3.0 anaruhusiwa kuomba shahada. Mafundi sanifu wazuri niliofanya nao kazi walipitia huko, na baadhi yao sasa ni wahandisi wenye shahada. Simwambii kijana aache kidato cha tano kesho. Ninasema tu kwamba baba yake asiione PCM kuwa ndiyo barabara pekee ya kufika kwenye kofia ya mhandisi.

Mwanafunzi_wa_Tano aliandika tena:

Ninawashukuru sana. Mwalimu, nimefanya kama ulivyosema. Maswali ya seti na mantiki nimepata karibu alama zote. Mada ya funksheni nimepata nusu. Aljebra, trigonometria na lile la duara na mistari kwenye grafu nimepata moja moja au sifuri. Nilipoyarudia na kaka yangu niligundua kwamba mara nyingi hatua ya kwanza ninaijua, kisha ninakwama ninapotakiwa kupanga upya mlinganyo, hasa wenye sehemu, vipeo au logi. Kuhusu kidato cha nne, mwalimu wetu alikuwa anatuonyesha alama za mtihani wa majaribio wa mkoa, nami nilikuwa na 48.

Dada, nimekuelewa. Nimejiuliza kwa dhati, na famasia nimeitaja zaidi kwa sababu ya hofu.

Mwalimu_wa_Hesabu alijibu:

Basi ugonjwa wako umeonekana, na si wa kidato cha tano. Mtu anayepata alama zote za mantiki hana tatizo la kufikiri. Anachokosa ni mikono iliyozoea aljebra ya kidato cha pili na cha tatu. Ungekuwa umeniambia kwamba unaipanga milinganyo vizuri lakini huelewi swali linataka nini, ningekushauri vingine.

Katika likizo hii usifungue kabisa kitabu cha kidato cha tano. Rudia sehemu za aljebra, vipeo, logi, milinganyo ya kipeo cha pili na kubadili kiini cha fomula, kila siku, kwa kuandika na bila kikokotoo, na kaka yako asahihishe. Katika wiki ya mwisho ndipo uyarudie yale maswali ya trigonometria na ya duara yaliyokuangusha. Ukiona yanafunguka, rudi shuleni ukae PCM, na umwombe mwalimu wako wa somo akupime tena kabla ya dirisha la maombi kufungwa. Ukiona bado yamekaza baada ya aljebra kunyooka, ongea na baba yako ukiwa na karatasi zote mbili mkononi, ya mtihani na ya marudio yako, na umwonyeshe pia maelezo ya Mhandisi kuhusu vyuo vya ufundi. Mwalimu wa taaluma mwulize mapema dirisha hilo linafungwa tarehe ngapi, kwa sababu shule nyingine huacha wiki moja tu.

Dada_wa_Maabara alijibu:

Na madaftari ya Baiolojia ya mwenzako yaazime hata hivyo kabla hujajua uamuzi wako, upige picha kurasa za saitolojia kwa simu ya kaka yako. Ukibaki PCM utakuwa hujapoteza chochote.